Restora iliyopewa jina la kambi: safari ya chakula cha Wahmong kutoka Laos hadi Minnesota

Mwezi wa saba mwaka 2024, restora mpya ilifungua milango katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Chakula chake ni nyama na samaki wa kuchomwa motoni, wali wa kunata, mboga za majani na pilipili ya kutwangwa. Watu wa mji huviita vyakula vya namna hiyo mchanganyiko wa Asia, na hupenda kusikia kwamba mboga zimetoka shamba la karibu, zikavunwa jana au leo asubuhi.

Restora hiyo inaitwa Vinai. Kwa mtu asiyejua, jina hilo linaweza kuwa la ua au la mto. Kumbe ni jina la kambi ya wakimbizi. Ban Vinai ilikuwa kambi kubwa kaskazini-mashariki mwa Thailandi, karibu na mpaka wa Laos. Mpishi mwenye restora, Yia Vang, alizaliwa ndani ya kambi hiyo mwaka 1984. Wazazi wake walikutana humo humo, baada ya kukimbia vita.

Ili kufika kwenye sahani ile, inabidi kupita milima, mto, kambi, soko na shamba. Restora ilikuja mwisho kabisa. Na katika njia hiyo yote, jambo lililokuwa gumu kupatikana halikuwa mbegu wala ujuzi wa kupika. Lilikuwa udongo.

Watu wa milimani

Wahmong hawana nchi yao. Asili yao ni kusini mwa China. Katika karne ya 19, vita na kodi za wafalme viliwasukuma wengi wao kuteremka hadi milima ya Vietnam, Laos na Thailandi. Mabonde yalikuwa tayari na wenyewe, basi wao wakakaa juu, kwenye miteremko ambako wengine hawakutaka kulima.

Kilimo chao kilikuwa cha kufyeka msitu, kuchoma, kupanda miaka michache, kisha kuhamia mahali pengine ili udongo upumzike. Walipanda mpunga wa nchi kavu na mahindi. Kati ya mistari waliweka maboga, matango, kunde ndefu na pilipili. Wakati wa utawala wa Ufaransa walilima pia kasumba, kwa sababu serikali ya kikoloni yenyewe ilishika biashara hiyo na kuinunua.

Chakula chao kilikuwa chepesi kueleza. Wali, nyama au mboga za kuchemsha, na pilipili iliyotwangwa kwenye kinu pamoja na chumvi na majani yenye harufu. Bila pilipili, chakula hakijakamilika. Walikula pia vikonyo na majani machanga ya maboga, jambo ambalo mama yeyote wa Kivu angelielewa bila mkalimani.

Kulikuwa na chakula kimoja chenye heshima ya pekee. Mama akijifungua, kwa siku 30 alipewa wali wa moto na kuku wa kuchemsha pamoja na majani ya dawa. Majani hayo hayakuuzwa sokoni. Yalipandwa nyuma ya nyumba, na kila mama alimrithisha binti yake shina la kupanda kwake.

Vita vya kificho

Kuanzia mwaka 1961, idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, iliwaandikisha Wahmong kupigana na Wakomunisti ndani ya Laos. Kisheria Laos ilikuwa nchi isiyoegemea upande wowote, kwa hiyo vita hivyo vilifichwa. Jemadari wao alikuwa Vang Pao, na makao yake yalikuwa Long Tieng, bonde lenye uwanja wa ndege katikati ya milima. Wanaume wazima walipokwisha, vijana wadogo wakapewa bunduki.

Mashamba yakaachwa. Vijiji vingi vikahama mara nyingi, na familia zikaanza kuishi kwa mchele ulioshushwa na ndege. Watoto wengi wakakua bila kuona mpunga ukivunwa.

Kati ya mwaka 1964 na 1973, ndege za Marekani zilidondosha juu ya Laos mabomu yenye uzito wa zaidi ya tani milioni mbili. Mengi yalikuwa mabomu madogo madogo ya kutawanyika, na sehemu kubwa haikulipuka. Hadi leo, mkulima wa Laos anapiga jembe akijua kwamba chini ya udongo kunaweza kuwa na kitu kinachosubiri tangu siku za babu yake.

Tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 1975, Vang Pao aliondolewa Long Tieng kwa ndege. Maofisa na familia zao, watu elfu chache, walipata nafasi. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, waliona ndege ya mwisho ikiondoka bila wao. Kwa watawala wapya, kila Mhmong aliyepigana alikuwa adui. Ndipo safari ya miguu ikaanza kuelekea mto Mekong, kwa maana ng'ambo ya mto ilikuwa Thailandi.

Walitembea usiku, wakala mizizi ya msituni. Watoto wachanga walipewa kasumba kidogo ili wasilie na kuwafichua wengine. Baadhi yao hawakuamka tena. Mtoni, wasiojua kuogelea walifunga mianzi chini ya makwapa au kushikilia mipira ya magurudumu. Wengi walizama, wengine walipigwa risasi majini.

Kambi ya Ban Vinai

Ban Vinai ilifunguliwa mwaka 1975 katika mkoa wa Loei. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na wakaaji zaidi ya elfu 40. Wakati huo hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo Wahmong wengi hivyo walikaa pamoja. Serikali ya Thailandi iliilinda, HCR na mashirika mengine yakaleta msaada. Mtu hakuruhusiwa kutoka bila kibali.

Chakula kilikuwa cha kugawiwa. Mchele ulipimwa kwa idadi ya vichwa. Watu waliozoea kuchagua mlima wa kulima sasa walisimama mistari na ndoo mkononi. Hata hivyo, kando ya vibanda palionekana vipande vidogo vya bustani, pengine vya upana wa mkeka mmoja, vyenye vitunguu vya majani, pilipili na majani ya dawa ya mama mzazi. Hazikuweza kushibisha familia. Lakini mtoto aliyezaliwa kambini alijifunza hapo kwamba chakula hakitoki kwenye lori tu.

Wakina mama walifanya kazi nyingine pia. Walidarizi vitambaa vinavyosimulia safari yao: kijiji, ndege za vita, msitu, mto, kambi. Vitambaa hivyo viliuzwa kwa wageni na kutumwa nje ya nchi ili kupata fedha. Leo vinahifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani.

Kambi ilifungwa mwaka 1992. Baadhi ya watu walihamishiwa kambi nyingine, baadhi walirudishwa Laos, na wengi walikuwa wamekwisha kupanda ndege. Familia ya Yia Vang ilifika Marekani mwaka 1988.

Baridi na parsele za kuazima

Familia ya kwanza ya Wahmong ilifika Minnesota mwishoni mwa mwaka 1975. Serikali ya Marekani ilitaka kuwatawanya wakimbizi katika majimbo mengi ili mzigo usiangukie mahali pamoja. Lakini Wahmong wanaishi kwa ukoo. Mtu asiye na ukoo karibu hana wa kumsaidia kuoza binti wala kuzika mzazi. Basi wakaanza kuhama wenyewe ndani ya Marekani, wakifuatana, mpaka wengi wakakusanyika Fresno katika California, katika miji ya Wisconsin, na hasa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta Wahmong zaidi ya elfu 90 katika Minnesota.

Minnesota si mahali pa mtu wa nchi ya joto. Mwezi wa kwanza baridi inaweza kushuka chini ya digri 20 za kugandisha, na ardhi inakuwa ngumu kama jiwe. Msimu wa kupanda ni mfupi, kuanzia mwezi wa tano hadi baridi ya kwanza ya mwezi wa tisa au wa kumi. Mpunga wa milimani haukupata nafasi.

Wazee wengi hawakujua Kiingereza, na wengine hawakuwahi kukaa darasani. Katika ofisi za kazi waliandikwa kuwa watu wasio na ujuzi. Mtu aliyejua kusoma udongo kwa kuushika, aliyejua mboga ipi ipandwe karibu na ipi, alionekana hana kitu mkononi.

Lakini mbegu zilikuwapo. Kati ya Wahmong wenyewe husimuliwa habari za wakina mama waliosafiri na mbegu zimefichwa katika nguo. Majani ya dawa yalipandwa katika makopo na kuwekwa karibu na dirisha wakati wa baridi, kwa kuwa hakuna duka lililoyauza na wanawake waliendelea kuzaa. Ilipofika majira ya joto, familia zikaazima vipande vya ardhi: parsele tupu, uwanja wa kanisa, ukingo wa shamba la mzungu mzee aliyekubali.

Mezani Saint Paul

Saint Paul ina soko la wakulima tangu mwaka 1853. Kanuni yake ni kwamba kinachouzwa kiwe kimelimwa karibu na mji. Wauzaji wa zamani walikuwa uzao wa Wajerumani na watu wengine wa Ulaya. Kufikia miaka ya 1980 wazee hao walikuwa wanachoka, na watoto wao walikuwa wamekimbilia kazi za ofisini. Meza zilianza kubaki tupu.

Wahmong wakazijaza. Kwanza waliuza kile ambacho wateja walikijua, yaani nyanya, vitunguu, karoti na mahindi mabichi. Kando yake wakaweka vitu vigeni: kunde ndefu kama kamba, tango chungu, mchaichai, kabichi za Kichina, pilipili ndogo kali, vikonyo vya maboga. Mara nyingi watoto walikuwa wakalimani. Mtoto wa miaka kumi alisimama mezani akimweleza mteja namna ya kupika mboga ambayo mwalimu wake hakuwahi kuiona.

Baada ya miaka michache sura ya soko ilikuwa imebadilika. Leo Wahmong ni karibu nusu ya wauzaji wa soko hilo, na bila wao Saint Paul ingekosa sehemu kubwa ya mboga mbichi.

Mapishi ya mji yanabadilika

Wakati huo huo, katika miji ya Marekani, wapishi wenye majina walikuwa wanatafuta kitu kipya. Mwaka 1971, Alice Waters alifungua Chez Panisse katika mji wa Berkeley, California. Alianza kununua moja kwa moja kwa wakulima wa karibu, akiandaa kila siku kile kilichovunwa siku hiyo. Mwaka 1983, Wolfgang Puck, mpishi aliyetoka Austria, alifungua Chinois on Main karibu na Los Angeles, akichanganya mapishi ya Kifaransa na ya Kichina. Mawazo hayo mawili, chakula kutoka shambani hadi mezani na mchanganyiko wa Asia, yakasambaa. Watu wakakubali kulipa dola nyingi kwa sahani yenye mchaichai na mboga ya jana.

Hapo ndipo njia mbili zilikutana. Mpishi wa Minneapolis aliyetafuta pilipili mbichi na majani ya Asia yaliyolimwa karibu hakuhitaji kuagiza mbali. Yalikuwa Saint Paul, kwenye meza ya bibi mmoja wa Kihmong aliyefika sokoni kabla ya jua kutoka.

Kwa Wahmong, mchanganyiko haukuwa mtindo wa mji. Walijifunza vyakula vya China wakiwa China. Laos na Thailandi waliongeza saladi ya papai bichi ya kutwangwa. Kwa jirani wa Vietnam walichukua supu ya tambi. Marekani wakaongeza nyama ya kuchoma ya kule. Kila nchi iliyowafukuza au kuwapokea iliacha kitu chake katika sufuria.

Udongo wa nani?

Lakini nyuma ya sahani nzuri kulikuwa na tatizo ambalo mteja hakuliona. Wakulima wengi wa Kihmong walilima ardhi ya kukodi, mara nyingi kwa mapatano ya mwaka mmoja, pengine ya mdomo tu. Mwenye shamba akiuza, au akiamua kujenga nyumba, mkulima anaondoka. Mtu wa namna hiyo hapandi mti wa matunda, kwa kuwa hajui nani atakula matunda hayo. Hachimbi kisima. Haweki samadi nyingi, maana anaweza kuwa anamrutubishia mtu mwingine. Anapanda kile kinachoiva upesi, na kila mwisho wa msimu anaanza kuulizia tena.

Kwa watu waliokimbia mara tatu, hiyo ilikuwa bado ni aina ya kambi. Miaka 30 baada ya kuvuka Mekong, baba alikuwa na uraia, watoto walikuwa na diploma, lakini mboga zake zilikuwa bado zinaota kwenye ardhi inayoweza kuchukuliwa mwaka ujao.

Mwaka 2011, watoto wa wakulima hao waliunda chama, Hmong American Farmers Association. Mmoja wa waanzilishi, Pakou Hang, alikua akiuza mboga pamoja na wazazi wake. Hawakuanza kwa kufungua restora wala duka. Walitafuta shamba. Walipata karibu hekta 63 kusini mwa Saint Paul, wakaligawa kwa familia kwa mikataba mirefu, kila familia na kipande chake. Kisima, chumba cha baridi, mashine na banda la kuoshea mboga vikawa vya wote.

Mauzo nayo yalipangwa. Chama kinakusanya mavuno na kuyapeleka shuleni, madukani na kwenye restora. Kuna pia wateja wanaolipa mwanzoni mwa msimu, kabla mbegu hazijaingia ardhini, kisha wanapokea kikapu cha mboga kila wiki. Ni karibu na likelemba: mkulima anapata fedha wakati anazihitaji, na hatari ya mvua mbaya haimwangukii peke yake.

Mwanzoni shamba lilikuwa la kukodi. Mwaka 2022, pamoja na msaada wa fedha za jimbo, chama kililinunua. Sasa mtu anaweza kupanda mti wa tofaa pale na kuusubiri.

Jina mlangoni

Yia Vang hakuanza na jengo. Alianza kwa kupika mahali pa kuazima, siku moja hapa na wiki moja pale, kwa jina la Union Hmong Kitchen. Mwaka 2022 aliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, ile ya James Beard. Vinai yenyewe ilichelewa miaka kadhaa, kwa kuwa ugonjwa wa Korona uliingia katikati ya maandalizi.

Ilipofunguliwa, angeweza kuipa jina la ua, la mnyama au la mji mkubwa wa Asia, kama wengine. Alichagua kambi. Watu wengi waliopita kambini hufanya kinyume: huficha neno hilo, hasa mbele ya watoto, kwa kuwa linakumbusha mistari ya chakula na kudharauliwa. Yeye aliliandika mlangoni, mahali ambapo watu wa mji wanaliona.

Kuanzia mwaka 2016 hadi 2024, Congo ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo Marekani ilipokea wakimbizi wengi zaidi kutoka kwake. Katika miji mingi ya kule, familia zilizotoka Kivu kupitia kambi za Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania zinalima bustani ndogo ndogo za lengalenga, na zinatafuta majani ya maboga kwenye masoko ya wakulima. Katika miji yenye Wahmong wengi, anayewauzia anaweza kuwa mama wa Kihmong.

Waliobaki nyumbani nao wanajua upande mwingine wa habari hii. Familia zilizopita Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala, karibu na Goma, ziliona mwanzoni mwa mwaka 2025 jinsi kambi za maelfu ya watu zinavyoweza kubomolewa kwa siku chache tu. Waliorudi Masisi na Rutshuru walikuta mashamba ambayo mengine yameota pori na mengine yanalimwa na mtu mwingine. Hao hawahitaji kuelezwa kwa nini Wahmong walitafuta shamba kabla ya restora.

Ban Vinai imefungwa miaka zaidi ya 30 sasa. Vibanda vyake vimeondoka, na waliozaliwa humo wametawanyika katika nchi nyingi. Ila kila mwaka mwezi wa tano, barafu ikishayeyuka Minnesota, wazee wanatoa makopo dirishani na kuhamishia bustanini majani ya mama mzazi, shina kwa shina, kama walivyofanya kando ya vibanda vya kambi.